Stuli Katikati ya Ploti

Kwa Landlady, mwenye nyumba wetu, hakuna mpangaji aliyekuwa na jina. Ulikuwa namba ya mlango wako, basi. Fundi wa viatu aliyekaa karibu na geti alikuwa namba tatu, msichana wa saluni alikuwa namba tano, na mimi, tangu siku niliyoshusha godoro langu pale Section 58, mtaa wa Nakuru, mpaka siku niliyolipandisha tena kwenye pikapu, nilikuwa namba saba. Siku ya kwanza nilimwambia jina langu. Alilisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Sawa, namba saba. Taka inatolewa Jumanne." Nilikasirika kweli. Nilikuwa nimetoka kwetu Kakamega na jina zuri kabisa, jina la nyanya yangu, na hapa mtu ananiita jina la mlango.

Na sisi vilevile hatukuwa na jina lake. Kwenye simu yangu yuko mpaka leo kama Landlady. Ukiongea naye ulimwita mathe, yaani mama, ukimsema nyuma yake ulimwita Landlady, na nadhani hata barua za stima zilipokuja hakuna aliyesoma zimeandikiwa nani. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na kofia ya sufu kichwani hata jua la Januari likichoma. Sweta yake ilikuwa na vifungo, lakini sijawahi kuona siku ambayo kifungo na tundu lake vilikutana sawasawa. Nyuma ya mlango wake palitundikwa kofia ya mwanamume, kofia ngumu ya kazi. Hakuisema, na mimi sikuuliza. Alitoka wapi, aliolewa na nani, hayo siyajui na sitajifanya nayajua.

Ninachokijua ni slipa zake. Zilipiga simiti pa, pa, pa, na ukizisikia ulijua dunia nzima ya pale ploti itafunga mlango. Maana Landlady hakuja kwako kukujulia hali. Alikuja kuuliza ni nani amepiga pasi wakati stima ni ya wote, ni nani ameacha mfereji ukidondoka, ni nani analeta wageni wa kuoga. Kwa hivyo slipa zikisikika, komeo zinaingia, redio zinapunguzwa, na ua wote unakuwa kimya. Mimi pia nilifunga, nisiwadanganye. Siku moja tulikuwa tumesimama naye pale kwenye tangi, akasema bila hasira yoyote, "Nikipita hapa nasikia tu komeo." Kisha akaanza kusema habari ya maji. Niliangalia chini.

Uchoyo wake ulikuwa wa ajabu kwa sababu haukuwa na mpango. Aliweza kugombana na namba tano asubuhi nzima kwa sababu ya balbu ya choo. Halafu mfereji ukikauka wiki nzima, kama unavyokauka Nakuru, unaamka unakuta mikokoteni ya maji imejipanga getini na tangi limejaa, na hakuna aliyeambiwa atoe chochote. Ukienda kumshukuru alikufokea. "Unanishukuru ya nini? Nyinyi mkinuka, ni mimi naishi na harufu." Na chumba chake mwenyewe ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote, kile cha mwisho upande wa choo, paa limepinda, simiti imepasuka. Vile vizuri vilikuwa vyetu. Namba tatu alimuuliza kwa nini, akajibiwa kwamba chumba kizuri ni cha biashara, na yeye si biashara.

Lakini nikitaka kumweleza kwa mtu ambaye hakumjua, sianzii hapo. Naanzia salamu yake. Watu wengine asubuhi wanakuuliza umeamkaje. Landlady alikuwa anauliza, "Umenunua wapi?"

Kila siku ya Mungu. Unatoka na ndoo yako, macho hayajafunguka vizuri, na yeye yuko pale mlangoni kwake anachambua mboga: "Namba saba, umenunua wapi?" Alimaanisha ardhi. Kwake kijana yeyote aliyekuwa na kazi na hana hata kipande cha ardhi alikuwa anacheza. "Chumba changu ni cha kupita," alikuwa akisema. "Usizeekee hapa. Uko na nguvu, uko na kazi, nunua kidogo, jenga kidogo, toka kwangu." Wapangaji waliona ni matusi. Mwenye nyumba gani anafukuza watu wanaolipa vizuri? Namba tano alikuwa na jibu lake: "Nimenunua weave, mathe, unaionaje?" Landlady alikuwa anamwangalia kichwa, anasikitika, anarudi kwa mboga zake.

Mimi nilikuwa nafanya kazi katika duka la agrovet mjini, nauza mbegu na dawa za kuku, na nilikuwa na akiba yangu ndogo. Na kusema kweli nilikuwa nimeambukizwa. Siku hizo simu yangu ilikuwa imejaa vijana waliovaa suti, wamesimama mbele ya nyumba ambazo sijui ni za nani, wanatufundisha jinsi ya kuwa wawekezaji kabla ya miaka thelathini. Anza na ploti moja. Iache ipande bei. Uza, nunua mbili. Wakati wewe umelala, ardhi inafanya kazi. Nilizitazama video hizo nikila ugali, na nilijiona kabisa nimevaa miwani ya jua, nimeegemea geti langu.

Basi Jumamosi moja nikapanda basi la kampuni fulani ya kuuza ploti, lile la bure, tukapelekwa ng'ambo ya Lanet kuona shamba. Tulipewa soda na mkate na fulana ya manjano. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti alituonyesha bikoni za mipaka zimepakwa chokaa, barabara imechongwa, nguzo ya stima hiyo pale. Watu walikuwa wanapiga picha. Nikaambiwa zimebaki chache, kwamba nikichelewa mpaka Jumatatu nitajilaumu. Nilirudi Section 58 na fulana ya manjano.

Landlady alikuwa mlangoni. "Umenunua wapi?" Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. Nikamweleza yote, kipaza sauti na nguzo ya stima na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikaa?"

"Tulikaa kama saa moja, mathe. Walitupa soda."

"Sikuulizi soda. Nauliza kama ulikaa. Peke yako. Chini."

Sikuelewa. Akaniambia kesho baada ya misa ya kwanza nivae viatu vya kutembea.

Hivyo ndivyo nilivyoiona stuli. Ilikuwa ya miguu mitatu, imechongwa kwa mti mmoja, na ilikaa chini ya kitanda chake pamoja na mwavuli na thamosi. Tulifika kwenye lile shamba kabla ya saa tano. Hakukuwa na basi wala kipaza sauti, kulikuwa na upepo na mbuzi wawili. Landlady akatembea mpaka katikati ya ploti niliyoonyeshwa, akaweka stuli, akakaa. Mimi nikakaa juu ya jiwe. Nikangoja aseme kitu. Alimimina chai kwenye kifuniko cha thamosi, akainywa yote mwenyewe, akafunga. Nitasema hili mapema kwa sababu liliniuma miaka mingi: katika siku zote tulizokaa kwenye mashamba ya watu, hakunipa hata tone la ile chai. "Beba yako," alikuwa akisema.

"Tunangoja nini, mathe?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kutuuliza tunatafuta nini hapa."

Akanieleza, akiangalia mbele kama anaongea na mbuzi. Ardhi yoyote iliyo na watu wazuri, ukikaa juu yake siku nzima, lazima mtu atakuja kukuuliza unatafuta nini. Mama atatoka na jembe, mzee atasimama na baiskeli, mtoto atatumwa. Hawaji kwa ubaya. Wanataka kujua ni nani anataka kuwa jirani yao. Na huyo anayekuja kuuliza ndiye anayejua maji ya mvua yanapita wapi, na mwenye shamba wa kweli ni nani, na ndugu gani walienda kortini. Broka hawezi kukwambia. "Akikuuliza, usijifanye tajiri. Usiseme unanunua. Sema: natafuta mahali pa kukaa. Wewe unakaa wapi? Halafu nyamaza. Ataongea mwenyewe."

"Na kama hakuna mtu amekuja?"

"Basi usinunue. Hata kama ni ya bure. Utaanguka hapo na hakuna mtu atakuja kuuliza umeanguka ama umelala."

Jua lilipopita kichwani akaja mzee mmoja mwenye gamubuti. Habari zenu. Nzuri. Mnatafuta nini hapa? Landlady akanipiga kiwiko. Nikasema, kama mtu anayeomba kazi, "Natafuta mahali pa kukaa. Wewe unakaa wapi, mzee?" Mzee akaonyesha mabati yake juu kidogo. Halafu, kweli kabisa, akaanza kuongea mwenyewe. Akauliza kama sisi ndio wale wa Jumamosi, wa soda. Akacheka mpaka akakohoa. Hizi za juu, akasema, ziliuzwa zamani, ni za kuonyesha watu tu. "Nyinyi mtapewa za huko chini," akasema, akionyesha bonde lenye nyasi za kijani kibichi, "kule mvua ikija wanaogelea bata."

Nilivua fulana ya manjano jioni ile nikaifanya kitambaa cha kupangusia jiko. Landlady hakunicheka. Alisema tu, "Sasa umeanza."

Kuanzia hapo nilikuwa mwanafunzi wake, na sijui hata nilijiandikisha lini. Jumapili baada ya misa tulienda tukakaa. Gilgil tulikaa, Kiamunyi tulikaa, Elmenteita tulikaa tukapigwa na upepo mpaka mchanga ukaingia menoni. Alinifundisha kwamba kiangazi hakikuonyeshi kitu, rudi wakati wa mvua uone barabara inakuwa nini. Muulize mwendesha boda anakutoza ngapi kukuleta hapa mvua ikinyesha, ndio utajua barabara. Waulize kina mama walio kwenye mfereji, usiwaulize waliokaa kwa duka. Ukiona mchanga umeinuka na ua limepandwa peke yake katikati ya shamba, uliza ni nani amelala hapo, maana haya mashamba yalikuwa ya wazungu kabla ya kukatwa, na watu waliyafanyia kazi na kuzikwa humo, na wenye kuuza hawasemi. Halafu ndipo uende ofisi ya ardhi uangalie hati ni ya nani. "Wengine wanaanzia kwa karatasi," alisema. "Karatasi haina jirani."

Ningesema alikuwa anajua kila kitu, lakini huyo hangekuwa Landlady. Kulikuwa na ploti ya Mai Mahiu.

Aliniambia habari zake mara moja tu, na ni kwa sababu nilimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuuziwa vibaya. Alikuwa amekaa pale siku moja, miaka mingi nyuma, karibu na mahali malori yanapumzika. Kabla hata hajafungua thamosi alikuja mwanamke mmoja wa rika lake kumuuliza anatafuta nini. Wakaongea. Yule mwanamke akarudi kwake, akaleta sahani mbili za githeri, mahindi na maharagwe, wakala pamoja katikati ya ploti. Wakacheka. "Huyo mwanamke alikuwa na maneno, Ngai!" Landlady alisema, na usoni mwake pakawa na kitu ambacho sikuwa nimekiona. "Nikanunua kesho yake."

"Hukungoja mvua?"

"Nilingoja nini? Nilikuwa nimeulizwa."

Mvua ilipokuja, ardhi ilipasuka. Huku kwetu bondeni inapasuka, watu wa Mai Mahiu wanajua. Ufa ulipita katikati ya ploti yake, unaweza kuingiza mkono mpaka kwenye bega. Hakuna fundi atakayejenga hapo. Na yule mwanamke wa githeri alihama na mume wake kwenda Narok kabla mwaka haujaisha. Nikamuuliza kwa nini asiiuze. Haiya, alinitazama kama nimemtukana. "Nimuuzie nani ufa?" Kisha akaongeza: "Ilikuwa githeri nzuri."

Wapangaji walijua kwamba ana mtoto wa kiume Marekani, kwa sababu simu yake ilikuwa ya sauti kubwa na hakujua kuipunguza. Kijana alikuwa anapiga Jumapili jioni. Uko sawa, mami? Niko sawa. Umekula? Nimekula. Miguu? Iko tu. Sawa mami, network inapotea, tutaongea. Mimi nilikuwa mlango wa pili kutoka kwake, nilisikia yote, na hakukuwa na mengi ya kusikia. Baada ya hapo Landlady angekaa na simu mapajani kama dakika kumi. Halafu slipa zingeanza, pa, pa, pa, na komeo zingeingia, moja baada ya nyingine. Kwa sababu hiyo nilianza kuacha mlango wangu wazi. Angesimama hapo, aangalie ndani, atafute kosa. "Hiyo pazia yako inafungia nje mwanga," angesema. Na angesimama tena kidogo.

Ni namba tatu, yule fundi wa viatu, aliyenifungua macho. Nilikuwa nimempelekea kiatu, akasema huku misumari iko mdomoni, "Kwa hivyo wewe ndiye wa mwaka huu."

"Wa mwaka huu wa nini?"

"Wa stuli. Kulikuwa na mwalimu fulani, namba moja. Alikaa naye, akanunua, akaenda. Kulikuwa na bibi na bwana, namba tisa. Wakanunua, wakaenda. Kulikuwa na polisi. Wote wameenda." Akatoa msumari mdomoni. "Sisi ambao tuko bado ni sisi tulikataa kumsikiza."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Nilikuwa nimeona mambo yote isipokuwa hilo. Yule mwanamke alikuwa akimchukua mtu mmoja aliyemwachia mlango wazi, akimfundisha Jumapili baada ya Jumapili jinsi ya kutoka kwake. Na alijua. Angewezaje kutojua?

Nafikiri alijua, kwa sababu mwaka huo wa mwisho alianza kuharibu. Kila ploti niliyoipata ilikuwa na dosari. Hii ina upepo mwingi. Ile iko karibu sana na kanisa, utachoka na ngoma. Kuna moja nzuri kabisa tulikaa, wakaja watu wanne kutuuliza, na bado akasema, "Hawa majirani wanacheka sana. Watakucheka." Nilikasirika. Nikamwambia, "Mathe, kwani unataka ninunue ama hutaki?" Alikunja mwavuli. Tulirudi mpaka mjini, na kwa wiki mbili hakuniuliza nimenunua wapi. Asubuhi alikuwa anachambua mboga tu, akiangalia mboga.

Kwa hivyo ploti ya Mbaruk nilienda kuiona peke yangu. Nilienda kiangazi, nikaenda tena mvua ikinyesha, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua. Nilifuata kila kitu. Niliporudi mara ya pili, nimelowa mpaka ndani, nikaenda moja kwa moja mlangoni kwake. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilikuwa na majibu ya upepo, ya kanisa, ya kicheko.

Akaniangalia nilivyolowa. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Wangapi?"

"Watatu. Mama mmoja alinipa gunia nijifunike."

Aliifungua sweta yake, akaifunga tena, na bado haikukaa sawa. Angeweza kusema neno moja tu. Ninavyojijua, angesema upepo, ningengoja mwaka mwingine.

"Basi nunua," alisema, akaingia ndani, na mara hiyo ni komeo lake nililolisikia.

Siku ya kuhama alikuwa Landlady kabisa. Notisi ni ya mwezi, sivyo? Ndiyo, mathe. Akaingia namba saba akapapasa ukuta kwa kiganja akitafuta matundu ya misumari. Akakuta mawili, akayalalamikia kama ni madirisha nimevunja. Pikapu ilipopakiwa nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshikilia ufagio mbele yake kwa mikono miwili. "Enda, barabara itajaa," alisema. Nilipogeuka kutoka kwenye pikapu alikuwa anafagia mahali ambapo hapakuwa na taka.

Nimejenga. Si nyumba ya video za vijana wa suti. Ni vyumba viwili vya mawe, mabati ya bluu, tangi. Majirani ni wazuri, yule mama wa gunia ni kama shangazi yangu. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mwaka wa kwanza kwenye ardhi yako mwenyewe ni mpweke namna hiyo. Jioni unafunga mlango na hakuna redio ya jirani, hakuna mtu anayegombana juu ya balbu. Nilikuwa nikisikia upepo kwenye mabati nadhani ni slipa. Nilimpigia simu aje aone. "Mwenye ploti hatembelei wapangaji," alisema. Nikamwambia mimi si mpangaji wake tena. "Basi nije kwa nani?" Nikapita kumwona mara kadhaa, nikakuta geti limefungwa, ameenda wapi hakuna ajuaye. Namba tatu nilikutana naye sokoni akaniambia kitu kimoja ambacho kimekaa nami. Watu wanakuja kuuliza vyumba, akasema, na namba saba iko tupu, imefungwa kwa kufuli, na Landlady anawaambia imechukuliwa.

Mwaka huu nikafikiria kununua ya pili. Ndivyo inavyokuwa ukishaanza. Broka mmoja kijana, mchangamfu, akanipeleka upande wa Kariandusi, kule malori ya yale machimbo yanaacha unga mweupe kando ya barabara. "Madam, hii ni moto," alisema. "Futi hamsini kwa mia, iko tambarare, hati iko ready. Ukilala utapata imeenda."

Tulisimama kando ya gari. Shamba lilikuwa wazi, hakuna hata nyumba moja karibu. Na katikati yake, mbali kidogo, palikuwa na mtu ameketi na mwavuli mweusi.

"Yule ni nani?"

"Ah, yule mathe. Usijali yeye. Hata vijana wa Gilgil wanamjua, anakaa kwa ploti za watu siku nzima, jioni anaenda. Hana shida na mtu."

"Ananunua?"

"Hanunui chochote. Tumemzoea."

"Na hamjawahi kumuuliza anatafuta nini?"

Akacheka, kwa upole kabisa. "Sasa nimuulize ya nini, madam, na hanunui?"

Nikaanza kutembea. Viatu vyangu vilikuwa vya kazini, vikazama kwenye vumbi. Nilipokaribia niliona stuli, ile ile, mguu mmoja sasa umefungwa kwa waya. Sweta. Kofia ya sufu. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba. Alisikia nyayo lakini hakugeuka, na niliona kabisa mgongo wake unanyooka kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa kliniki akisikia mlango unafunguliwa. Nilikuwa na mengi ya kusema na yote yakapotea, likabaki moja.

"Habari yako, mathe. Unatafuta nini hapa?"

Jua lilikuwa nyuma yangu. Aliinua mkono kukinga macho na nadhani hakuona zaidi ya kivuli.

"Natafuta mahali pa kukaa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuwa yale yale. "Wewe unakaa wapi?"

"Namba saba, mathe."

Mkono ukashuka. Kisha akachukua thamosi, akafungua, akajaza kifuniko mpaka juu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikanywa. Ilikuwa imepoa, na haikuwa na sukari hata kidogo. Kule barabarani broka alipiga honi, akaniita, madam, tunachukua ama hatuchukui?

Landlady alitazama upande wa gari, akatazama lile shamba lote jeupe, kisha akanitazama mimi.

"Hapa usinunue," alisema. "Nimekuja siku nyingi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nikampungia broka mkono aende, nikakaa chini.